Upande wa Pili wa Santuri

Ukishuka Mlandizi, wilayani Kibaha, ukaiacha barabara kuu ya Morogoro na kushika ile iendayo kusini kuelekea Maneromango, unaingia Kisarawe kwa mlango wa uani. Wengi tunaijua Kisarawe kwa mlango wa mbele: Gongo la Mboto, Pugu, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, kisha mji wenyewe uliokaa juu ya vilima. Njia ya Mlandizi ni ya watu wa mashamba, ya magunia ya mkaa na mihogo. Inakatiza reli ya kati, na mbele zaidi inakutana na reli ya TAZARA. Huko ndiko iliko Mzenga. Abiria wa treni anaweza kuipita bila kuuliza jina lake. Lakini jina hilo limo katika wasifu wa mpiga gita ambaye Tanzania haijapata wa kumfunika: Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyezaliwa 27 Juni 1944 na kufariki Januari 1979 kwa ajali ya gari mjini Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34.

Tangu afariki, nyimbo zake zimetolewa na kutolewa tena kwenye santuri, kanda, sidii na sasa kwenye simu. Hakuna anayeweza kusema Mbaraka amesahaulika. Ninachokidai katika sura hii ni kitu kingine, kikubwa na kigumu zaidi. Nadai toleo kamili: kazi zake zote, za Morogoro Jazz na za Super Volcano, zikusanywe kutoka kwenye kanda mama, yaani zile za kwanza zilizorekodiwa studio, zisafishwe na watu wanaoijua kazi, zifungwe pamoja na kitabu kinachomtaja kila mpigaji, na familia za waliopiga zilipwe. Wenzetu wamewafanyia hivyo wanamuziki wao. Nianze na huko, ili tuelewane ninazungumzia kitu gani.

Katika majimbo ya kusini ya Marekani, kama Georgia, Florida na Alabama, miaka ya 1970 ilikuwa na muziki wake wa magita uliokuja kuitwa roki ya Kusini. Ulichukua bluzi za watu weusi, ukatia kantri za wakulima wa Kizungu, ukakoleza na jazi. Bendi iliyofungua njia ni Allman Brothers, yenye makao mjini Macon, Georgia. Machi 1971 walipiga katika ukumbi wa Fillmore East, New York, huku mitambo ya kurekodi imewashwa. Julai ikatoka albamu ya santuri mbili, nyimbo saba tu, zaidi kidogo ya dakika 76. Wimbo wa mwisho peke yake ulikula upande mzima wa santuri, karibu dakika 23. Mpiga solo wao, Duane Allman, hakupata muda wa kuufaidi umaarufu huo. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo alikufa kwa ajali ya pikipiki hapohapo Macon. Alikuwa na miaka 24.

Albamu hiyo imetolewa upya mara kadhaa, kila mara ikirudishiwa kitu. Mwaka 2014 likatoka kasha la diski sita, lenye maonyesho manne ya Machi na lile la Juni, ukumbi ulipokuwa unafungwa moja kwa moja. Humo unausikia wimbo uleule ukipigwa onyesho la kwanza, ukarudiwa la pili, na solo zikawa hazifanani. Unawasikia pia wapuliza ala ambao mtayarishaji Tom Dowd aliwaona wanamharibia kazi. Jukwaani walikuwapo, lakini kwenye santuri ya 1971 hawakupewa nafasi. Baada ya miaka 43 wakarudishwa mahali pao, na msikilizaji akaachiwa aamue mwenyewe kama Dowd alikuwa na haki. Binafsi naona alikuwa na haki. Lakini nisingeweza kusema hivyo kama kanda zile zingekuwa zimetupwa.

Bendi nyingine ya muziki huo, Lynyrd Skynyrd ya Jacksonville, Florida, ilitoa albamu yake 'Street Survivors' tarehe 17 Oktoba 1977. Kwenye jalada wanamuziki wamesimama katikati ya ndimi za moto. Siku tatu baadaye ndege yao ilianguka Mississippi. Mwimbaji Ronnie Van Zant akafa, pamoja na mpiga gita Steve Gaines na dada yake Cassie, aliyekuwa mwitikiaji. Mjane wa Gaines akaomba jalada lile liondolewe, kampuni ikaliondoa, na santuri zikauzwa na picha yenye mandhari nyeusi. Moto ulirudi kwenye jalada mwaka 2008, katika toleo maalumu la diski mbili, ambalo pia lina nyimbo kama bendi ilivyozirekodi mwanzo Miami kabla ya kuamua kuzirudia Georgia. Nimeitaja habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba kutoa upya kazi ya marehemu si suala la mashine peke yake. Kuna wafiwa. Mjane alisikilizwa mwaka 1977, na miaka thelathini ilipita kabla picha ile haijaonekana tena sokoni.

Sasa tuje Morogoro.

Morogoro Jazz iliundwa mwaka 1944, mwaka aliozaliwa Mbaraka. Mji ulikuwa na bendi mbili zilizogombaniwa, Morogoro Jazz na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na wapenzi wa huku hawakukanyaga kwa wale. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, Juma Kilaza akaishika Cuban Marimba, na ni katika miaka hiyohiyo kijana Mbaraka alipoanza kuonekana Morogoro Jazz. Hadi mwisho wa miaka ya 1960 alikuwa ndiye mtunzi, mwimbaji na mpiga solo ambaye watu walilipa kiingilio kumtazama. Mwaka 1970 bendi ilipelekwa Japani kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka. Fikiria bendi ya mji wa mkonge chini ya Milima ya Uluguru ikipanda ndege kwenda kupiga Osaka. Walirudi na wimbo kuhusu safari hiyo.

Mwaka 1973 alijitoa, akaunda Orchestra Super Volcano. Kabla ya hapo tulikuwa na mitindo ya Likembe na Sululu, na sasa ikaja Masantula na Zole. Alipokufa Mombasa alikuwa safarini na bendi hiyo, na wimbo wake 'Shida' uliendelea kutamba Kenya kana kwamba mwenyewe bado yuko jukwaani. Mpaka leo ukiupiga Nairobi au Kisumu, wazee wa huko watakwambia ni wimbo wa kwao.

Usikilize kwa makini. Anaimba kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani barazani, bila kupandisha wala kulia. Kazi ya kulia kaliachia gita. Solo yake haishindani na maneno. Inasubiri sentensi iishe, ndipo inajibu, mara kwa noti chache tu, na mara nyingine inarefusha jibu mpaka unasahau kwamba mwimbaji na mpigaji ni mtu mmoja. Chini yake gita la ridhimu linasaga mahali pamoja bila kuchoka, na besi inatembea. Mpiga solo asiye na uhakika huanza kukimbia mapema. Mbaraka hakuwa na haraka, na ndiyo maana chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo ambapo magita yanapamba moto, ilipofika, ilichemka kweli.

Hapo kwenye chemko ndipo palipo na tatizo ninalotaka kulieleza.

Nyimbo nyingi za dansi za miaka ile zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja hubeba dakika tatu au nne, na ukilazimisha zaidi sauti inapungua nguvu. Wimbo wa bendi ya Kitanzania ulikuwa mrefu kuliko hapo. Kwa hiyo ukakatwa. Sehemu ya kwanza ilikaa upande mmoja, yenye mashairi na kisa chenyewe. Sehemu ya pili ikakaa upande wa nyuma, yenye chemko, majibizano ya magita, vikorombwezo na majina ya wapigaji yanayoitwa na mwimbaji. Fundi mitambo aliishusha sauti taratibu pale upande wa kwanza ulipoishia, na wewe msikilizaji unainuka, unageuza santuri, unarudisha sindano. Aliyekuwa na gramafoni nyumbani aliupata wimbo wote. Aliyetegemea redio alipata upande mmoja mara nyingi, kwa kuwa mtangazaji ana dakika chache na maombi mengi ya salamu.

Nyimbo hizo zilipoanza kunakiliwa kwenye kanda, na baadaye kwenye kompyuta, mtindo huo uliendelea. Zimezagaa nakala zinazokatika pale sauti inaposhushwa, kana kwamba wimbo umekwisha. Kijana aliyezaliwa miaka ya 1990 anaweza kuufahamu wimbo wa Moro Jazz kwa moyo, asijue kwamba nusu yake hajaisikia. Ni rahisi pia kukuta jina la Super Volcano limebandikwa kwenye kazi ya Moro Jazz, mwaka umekosewa, na majina ya wenzake hayapo kabisa. Mbaraka hakupiga ridhimu na besi na saksafoni na ngoma peke yake. Kulikuwa na watu jukwaani pale, na walikesha naye mpaka alfajiri.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya toleo ninalolidai ni kuunganisha pande mbili za kila santuri. Inaonekana ndogo. Siyo. Nakala mbili za santuri moja zinaweza kuwa zimechakaa tofauti, moja ina mikwaruzo upande wa kwanza kwa sababu ndio uliopigwa sana, nyingine imepinda kwa joto. Inabidi utafute nakala kadhaa, uchague upande bora wa kila moja, uoshe vumbi lililokaa mfereji kwa mfereji tangu enzi za Azimio la Arusha, uchague sindano inayoingia chini ya pale ambapo sindano za zamani zilichimba. Kisha kuna kasi. Mashine ikizunguka haraka kidogo, gita linapanda na sauti ya Mbaraka inakuwa ya kitoto. Ikizunguka taratibu, anakuwa mzee kabla ya wakati. Wapo waliozoea nakala za namna hiyo wakidhani ndivyo alivyoimba. Fundi mwenye sikio hulinganisha na jinsi gita linavyotakiwa kutuniwa, akarekebisha hatua kwa hatua.

Bora zaidi kuliko santuri ni kanda mama, na hapo habari inagawanyika miji miwili.

Mji wa kwanza ni Nairobi. Tanzania ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri kilichofanya kazi, kwa hiyo bendi zilivuka mpaka kurekodi, na Mbaraka alikuwa msanii wa lebo ya Polydor, chini ya kampuni iliyokuja kuitwa Polygram ya Kenya. Baada ya kifo chake kampuni hiyo ndiyo iliyoanza mfululizo wa santuri ndefu ulioitwa 'Ukumbusho', juzuu baada ya juzuu. Tuwashukuru kwa hilo. Bila 'Ukumbusho' sehemu kubwa ya kazi zake ingebaki kwenye santuri ndogo zilizovunjika. Lakini ule ulikuwa ni mkusanyiko wa biashara, si wa historia: jalada, orodha ya nyimbo, basi. Hakuna anayekueleza ni nani alipiga nini, wapi, lini.

Mji wa pili ni Dar es Salaam. Katika miaka ya Ujamaa studio ya Radio Tanzania, RTD, ndiyo iliyokuwa kimbilio la bendi karibu zote za nchi. Bendi iliingia, ikapanga vyombo, ikapiga wimbo mzima kwa pamoja, na kilichokosewa kilibaki kama kilivyo au wimbo ulianzwa upya. Kanda hizo ndizo zilizojaza maktaba ya redio hiyo, ambayo leo ni TBC. Walioanzisha Tanzania Heritage Project miaka ya mwanzoni ya 2010, kwa lengo la kuziingiza kanda hizo kwenye dijitali, walikadiria hazina yote kuwa saa 100,000: muziki wa dansi, taarabu, ngoma za makabila, tamthilia na hotuba. Ni zaidi ya miaka kumi na moja ya kusikiliza usiku na mchana. Jengo la redio liko kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo wenyeji wa zamani bado wanaiita Barabara ya Pugu. Ukiifuata hiyohiyo mpaka mwisho wa mji na kupanda vilima, unafika Kisarawe.

Kanda hazikai milele. Utepe wa robo inchi umepakwa unga wa chuma ulioshikwa na gundi, na gundi hiyo inafyonza unyevu. Pwani yetu ina unyevu mwingi. Miaka ikipita, utepe unanata. Ukiuweka kwenye mashine unalia, unga unabanduka na kubaki kwenye kichwa cha kusomea, na unga huo ndio muziki wenyewe. Kwa aina fulani za kanda mafundi huzipasha joto la nyuzijoto 50 hivi kwa saa nyingi ili gundi ishike tena kwa muda, kisha huzinakili mara moja kwa sababu nafasi inaweza isirudi. Viungio vya gundi vilivyobandikwa na fundi wa redio mwaka 1969 hukauka na kuachia katikati ya wimbo. Kichwa cha mashine inabidi kiinamishwe kidogo kidogo mpaka sauti za juu za matoazi zisikike, kwa sababu mashine iliyorekodi haikuwa imenyooka kama hii inayosoma. Kazi hii inahitaji uvumilivu na umeme usiokatika. Inahitaji pia mtu aliyeupenda muziki huo kiasi cha kutambua, kwa kusikia tu, kwamba besi imepotea.

Tusiseme haijapata kufanyika kwetu. Dizim Records ya Ujerumani ilitoa 'Ngoma Iko Huku', mkusanyiko wa Salum Abdallah na Cuban Marimba wa miaka ya 1955 hadi 1965, na ikatoa 'Masimango' ya Mbaraka na Morogoro Jazz. Mfululizo wa 'Zanzibara' uliosimamiwa na Werner Graebner kwa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa una juzuu nzima inayoitwa 'Ujamaa', ya sauti za Tanzania za miaka ya 1960. Nairobi, Ketebul Music chini ya Tabu Osusa waliifanyia benga kazi ninayoionea wivu: kitabu, diski ya muziki na filamu ndani ya kasha moja. Hapa kwetu Amil Shivji na Rebecca Corey walitengeneza filamu 'Wahenga' kuhusu wanamuziki wa zilipendwa. Yaani ujuzi upo, wapenzi wapo, na mifano ya kuiga ipo. Kinachokera ni kwamba mengi ya hayo yalitengenezewa Ulaya na kuuzwa Ulaya. Mtu wa Maneromango angeagizaje diski kutoka Paris?

Ndiyo maana nasisitiza kitabu ndani ya kasha, kwa Kiswahili, tena kitabu kinene. Chukua wimbo wa maombolezo ambao Mbaraka aliwatungia Watanzania kwa kifo cha Dk. Wilbert Kleruu. Mwaka 1971, siku ya Krismasi, Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipigwa risasi na mkulima, Said Mwamwindi, wakati wa msukumo wa vijiji vya Ujamaa. Aliyekuwa mtu mzima mwaka ule alijua kila neno la wimbo huo linaelekea wapi. Kijana wa leo anasikia jina tu. Mpe kurasa mbili za historia, na wimbo utamfungukia. Vivyo hivyo Osaka, na vivyo hivyo nyimbo za kuisifu serikali ambazo bendi za mashirika na za mitaani zilitakiwa kupiga. Zisifichwe hizo. Zilikuwa sehemu ya ajira ya mwanamuziki, na baadhi yake zina magita matamu kuliko nyimbo za mapenzi.

Kitabu hicho kiwe pia na sura ya mkoa wa Pwani, na hapa naomba nisidhaniwe natetea nyumbani bure. Muziki wa dansi tunauhesabu kwa miji: Dar es Salaam, Morogoro, Tanga, Tabora. Lakini miji hiyo ilikuwa inalishwa. Nchi ya Wazaramo, yaani Kisarawe na majirani zake, ndiyo iliyotoa ngoma ambazo bendi za jijini zilijiita kwa majina yake. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo kabla ya kuwa mtindo wa Mlimani Park, na msondo ulipigwa vijijini kabla ya kuwa jina la bendi iliyoanza kama NUTA Jazz. Na barabara ya Morogoro, yenye Kibaha na Mlandizi njiani, ilikuwa njia ya bendi. Bendi ikitoka Morogoro kwenda kupiga Dar es Salaam, magita yalipita hapo yakiwa yamefungwa juu ya gari. Mtoto aliyezaliwa Mzenga akakulia Morogoro alikuwa anatembea ndani ya ukanda mmoja wa muziki, na si ajabu kwamba gita lake lina mwendo wa ngoma ndani yake. Hilo ni sikio langu linavyosema. Mtafiti akija na ushahidi mwingine nitamsikiliza. Lakini aje.

Limebaki suala la haki, na hili lina tarehe.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, ndiyo iliyoweka msingi wa COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya nchi. Kama ilivyotungwa, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mbaraka alifariki mwaka 1979. Piga hesabu: ulinzi wa tungo zake unafika ukingoni mwisho wa 2029. Baada ya hapo, kwa hesabu hiyo, yeyote hapa nchini anaweza kuzitoa tungo hizo bila kuomba ruhusa ya familia wala kuilipa. Wapo watakaosema tusubiri tu, mambo yatakuwa rahisi. Mimi naona ni kinyume. Kasha likitengenezwa sasa, kila nakala itakayouzwa inaweza kuwa na fungu la warithi wa Mbaraka, na mazungumzo kati ya TBC, waliorithi mali za Polygram huko Nairobi na familia yana sababu ya kufanyika. Mlango huo ukifungwa, familia itabaki na heshima ya jina peke yake. Na wapigaji wenzake ambao bado wako hai, ambao leo wanaweza kukaa mbele ya spika na kusema hii besi ni ya fulani, hii ridhimu ni yangu mimi, hawatatusubiri mpaka tumalize vikao.

Naiomba TBC izipe kanda za Morogoro Jazz na Super Volcano nafasi ya mbele katika foleni ya kunakiliwa. Naiomba COSOTA iitishe kikao cha warithi wakati haki bado ni zao. Naziomba halmashauri za Kisarawe na Kibaha zinunue makasha hayo yatakapotoka: moja likae Shule ya Sekondari Minaki, moja maktaba ya Shirika la Elimu Kibaha, na moja Mzenga, kwenye shule ya watoto, lenye spika ya kulisikilizia.

Nawe msomaji, kama kwenye kabati la mzee wako, iwe Mlandizi, Maneromango, Morogoro au Mombasa, kuna santuri za zamani, usizigawe wala usizitupe. Ziweke mbali na jua. Zisimamishe wima, usizilaze moja juu ya nyingine. Usizipake mafuta ya nazi wala spiriti ukidhani unazisafisha. Andika kwenye karatasi zilipatikana kwa nani na mwaka gani, majina ya wapigaji ambao mzee anawakumbuka, na nani alikuwa akiimba kiitikio. Muulize leo, maana santuri nyingi zina jina la Mbaraka tu. Kisha tafuta mtu mwenye mashine nzuri azinakili pande zote mbili.